Umepangiwa usanifu majengo serikalini? Anzia hapa

Basi umepita usaili wa Sekretarieti ya Ajira, barua umeipata, umepangiwa halmashauri au TBA (Wakala wa Majengo Tanzania) au wizara fulani kama Msanifu Majengo Daraja la II, hongera sana. Sasa zile thesis za chuo zenye vioo mbele na bustani juu ya paa ziweke pembeni kwanza, maana kitakachokukuta mezani wiki ya kwanza ni madarasa mawili na matundu sita ya choo. Na hiyo ni kazi ya heshima kubwa kuliko wengi wanavyodhani, watoto watasomea humo miaka na miaka na hawana pengine pa kwenda.

Kwanza usajili. Hakikisha uko kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB), ile ya sheria ya 2010. Kuna watu wakishapata ajira ya serikali wanaona usajili ni wa wenye kampuni, sio kweli, anza ngazi ya wahitimu, fanya kazi chini ya mtu aliyesajiliwa, kaa mtihani. Hilo halina mjadala.

Hela. Hapa nakaa kidogo. Kwenye ofisi binafsi mteja anakwambia anachotaka alafu mnatafuta bei, huku bei inakuja kabla ya kila kitu. Madarasa ya mpango wa UVIKO mwaka 2021 yalikuja milioni 20 kila moja, vituo vya afya vingi vimejengwa kwa milioni 500, na hela ni ile ile ujenge mjini au ujenge Mafia ambako kila mfuko wa saruji umevuka bahari. Kwahiyo kabla hujagusa kompyuta ongea na mkadiriaji wako, uliza mchanga unatoka wapi, kokoto wapi, lori linafika saiti masika au linaishia barabara kubwa. Alafu kumbuka mwaka wa fedha unaisha Juni 30, hela ikichelewa kuingia kila mtu atakukimbiza, kwahiyo michoro na BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa na bei zake, viwe tayari kabla ya hela, sio baada. Manunuzi yote siku hizi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, jifunze huo mfumo mwenyewe usisubiri afisa manunuzi akufanyie kila kitu, ukikosea maelezo ya bati kule unaletewa geji 30 wakati ulitaka 28 na kuirudisha ni vita.

Hela ikibana, msimamo wangu ni huu: usiguse msingi, usiguse paa, usiguse maji. Vigae acha, sakafu ya zege iliyopigwa niru (saruji ya kulainisha juu) vizuri inadumu kuliko kigae cha bei rahisi kinachobanduka, na jipsam acha kabisa sehemu zenye popo.

Michoro ya TAMISEMI utaikuta ipo tayari, na watu watakwambia sasa msanifu wa nini kama ramani zipo. Ramani haijui saiti yako. Haijui mteremko, haijui upepo unatoka wapi, haijui kama ardhi ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, ambao umepasua madarasa mangapi kanda ya ziwa na Dodoma. Huo ukiukuta omba uchunguzi wa udongo kwa maandishi hata kama bosi anaona unachelewesha. Alafu geuza jengo, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua letu linachoma asubuhi na jioni kupitia mashariki na magharibi. Hiyo haiongezi hata shilingi kwenye BOQ na mtoto wa dawati la dirishani atakaa akaandika bila kukunja uso mpaka saa tisa.

Sasa maboma. Wananchi wameshapandisha kuta kwa nguvu zao, serikali inaleta hela ya kukamilisha, na wewe unaitwa useme kama boma linafaa kuezekwa. Usisaini toka kwenye gari. Chimba pembeni ya msingi uone umeshuka kiasi gani na kama kuna mawe au tofali tu. Chukua tofali lililobaki saiti, lidondoshe toka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu, likisambaratika kama unga ujue mfuko wa saruji ulivutwa kutoa tofali nyingi kupita kiasi. Panda ngazi, gonga linta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha) kwa patasi sehemu moja mpaka uone nondo, ni milimita ngapi, ringi zipo au hazipo, na ufuatilie kama linta imezunguka jengo zima au imewekwa juu ya madirisha tu. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu ya Kagera, tetemeko la Septemba 10, 2016 liliharibu mpaka shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, na ukuta usiofungwa juu ndio unaoanza kuachia. Kama boma halifai, sema halifai, ila usiishie hapo, wale watu wamebeba mawe kichwani, kaa na serikali ya kijiji uwaonyeshe kipi kinaokolewa na kipi kinabomolewa na kwanini.

Afya ni somo lake. Kabla ya kuweka majengo kwenye saiti ya kituo cha afya kaa nusu siku kwenye kituo kingine kinachofanya kazi, kaa benchi la OPD, wagonjwa wa nje, angalia tu. Utaona mama mwenye uchungu anashushwa kwenye bodaboda getini, anatembea juani mpaka wodi ya wazazi, na akihitaji upasuaji anasukumwa kwenye kitanda, kwahiyo njia kati ya wodi ya wazazi na jengo la upasuaji iwe fupi, iwe na paa, isiwe na ngazi hata moja. Mlango wa kitanda upe mita 1.2, na pima kona ya korido, kitanda kinaweza kupita mlangoni kikakwama kwenye kona. Rampu mteremko wake 1 kwa 12, sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inakulinda ukiambiwa unapoteza hela. Kichomea taka na shimo la kondo la nyuma viwekwe upande ambao upepo unaelekea nje, uliza wazee wa pale, wanajua upepo wa kila msimu.

Kwenye fosi akaunti, yaani pale halmashauri au shule inaponunua vifaa na kujenga yenyewe, hamna mkandarasi, kuna mafundi, kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na hawa ndio wenzio. Wafundishe kusoma mchoro. Mwambie mwenyekiti zege linamwagiliwa siku saba, mpe mtu maalum kazi hiyo, la sivyo kila mtu atadhani mwenzie amemwagilia.

Viongozi watakuja saiti na maagizo ya mdomo, ongeza ofisi hapo, sogeza choo kule. Itikia kwa adabu, ndio mheshimiwa, alafu andika kwenye kitabu cha saiti siku hiyo hiyo, gharama yake, nani kasema, na upeleke barua kwa mkurugenzi kabla fundi hajachimba. Mwenge ukifika wanaomba mafaili, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akifika anaomba mafaili, na yule aliyesema sogeza choo huenda ameshahamishwa.

Makabidhiano usiyafanye kwa kukata utepe tu. Nenda siku ya mvua, zunguka na mwalimu mkuu au mganga mfawidhi, angalieni gata, maji yanaingia kwenye simtanki au yanachimba msingi? Kama kuna mkandarasi, kipindi cha matazamio, ule muda baada ya makabidhiano ambao bado anarekebisha kasoro, ndio cha kumbana, orodhesha kasoro zote kabla hakijaisha na hela yake ya mwisho haijatoka. Mchoro unaoonyesha jengo lilivyojengwa kweli, bomba linapopita na mashimo yalipo, acha nakala moja kwenye faili la halmashauri na nyingine ofisini kwa mkuu wa shule, atakayekuja kuongeza darasa la tatu asichimbe kwenye shimo la choo.