Jinsi ya kufuatilia kantangaze kwenye nyanya kwa mtego wa beseni

Kantangaze, mdudu wa asili ya Amerika Kusini aliyeonekana Tanzania mwaka 2014, huharibu nyanya akiwa kiwavi ndani ya jani na tunda, ambamo dawa humfikia kwa shida. Ndiyo maana ni heri kumgundua angali nondo.

Wiki moja kabla ya kuhamisha miche, chimbia kidogo beseni pana la plastiki ili upepo usilipindue, kisha ulijaze maji yenye matone ya sabuni, kwa kuwa bila sabuni nondo huelea na kuruka tena. Ning'iniza kidonge cha feromoni, yaani harufu inayowavuta nondo, kwa waya, sentimita chache juu ya maji, nawe uwe umevaa glavu. Beseni moja au mawili yanatosha kwa ekari.

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, chota nondo kwa kichungio cha chai na uwatandaze kwenye karatasi nyeupe. Kantangaze ana urefu wa punje ya mchele, rangi ya kijivu yenye madoadoa meusi, na vipapasio virefu kichwani, wengine usiwahesabu. Msimu mmoja mvua ya usiku ilifurisha beseni langu, nondo wakaenda na maji, nami nikaandika sifuri daftarini na kulala usingizi mnono, kumbe majani yalikuwa yameshaingiliwa. Siku hizi hutoboa matundu chini ya ukingo, nikayaziba kwa kipande cha chandarua, na siku ya mvua kubwa huandika "mvua", si sifuri.

Kumbuka kwamba feromoni huvuta madume tu, ilhali jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 260, kwa hiyo idadi ya mtegoni hukuarifu kwamba wamefika, wala haikuambii wameharibu kiasi gani. Ikipanda mara mbili mfululizo, pita shambani kwa mwendo wa kupindapinda, ukague mashina 20. Jani lenye baka jeupe liinue kwenye jua: kiwavi akiwamo, utamwona akijongea kando ya kinyesi chake cheusi, na hapo ndipo suala la dawa linapoanza kujadiliwa. Baka tupu usilihesabu, kwa maana aliyekuwamo ameshahama.

Kidonge kibadilishwe kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa kufuata maelezo ya pakiti, na kile cha zamani kisitupwe shambani, kwani harufu iliyobaki huwavuta nondo mbali na beseni.