Somo: Kusimama kwa treni ya asubuhi bila kuangukia watu

Wadau habari za leo. Hii nimewaandikia hasa wale wa treni za Nairobi, laini ya Ruiru na ya Kikuyu, juu nyinyi mnajua saa moja asubuhi kiti ni hadithi tu. Mimi hupandia Githurai, na ukipandia hapo jua viti vilishaisha Ruiru na Kahawa, wewe ni wa kusimama mpaka tao, katikati ya jiji. Mwaka wa kwanza nilikuwa nashikilia kile chuma cha juu kama mtu ananing'inia kwa mwembe, nikishuka bega linaniuma mpaka saa nne. Na bado haikunisaidia, siku moja breki zikafungwa tukikaribia Makadara, vidole vikateleza, nikamwendea mama fulani na trei yake ya mayai. Nililipa mayai 17, tuliyahesabu pamoja mbele ya behewa zima.

Hapo ndio nikaanza kuchunguza wale wazee wa kazi za Industrial Area. Mzee amesimama, mkono umegusa chuma kiasi tu, gazeti kwa mkono ule mwingine, na hata treni ifanye nini yeye hatikisiki. Nikagundua mzee hashikilii kwa mkono, anashikilia kwa miguu.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa unasukumwa na nini. Treni ikiondoka inakutupa nyuma, ikifunga breki inakutupa mbele. Katikati ya stesheni na stesheni inakuyumbisha kushoto kulia, maana reli hii yetu ya zamani ina upana wa mita moja tu (ile ya SGR ni milimita 1,435), behewa limekalia msingi mwembamba, lazima licheze. Kwa hivyo unahitaji msimamo wa kuzuia njia zote mbili.

Hatua ya 1: mahali. Toka mlangoni. Najua kila mtu anaogopa kupitwa na stesheni yake lakini kama unaenda mpaka mwisho unang'ang'ania mlango wa nini? Ingia katikati ya behewa. Ncha za behewa ndizo hurushwa zaidi, ni kama kiti cha nyuma cha basi likipita bampu.

Hatua ya 2: miguu. Hii ndiyo somo lenyewe, zingine ni nyongeza. Watu wengi husimama miguu ikiwa pamoja wakiangalia dirisha ama wakiangalia mbele. Ukiangalia dirisha na umetanua miguu, breki hazikuwezi, lakini kuyumba kunakutoa. Ukiangalia mbele ni kinyume chake. Sasa wewe simama mshazari, katikati ya hizo mbili. Mguu mmoja mbele upande wa injini, mwingine nyuma na kando kidogo, nafasi kati yao kama upana wa mabega yako, au vile umati utakuruhusu. Treni ikifunga breki, uzito unaenda mguu wa mbele. Ikiondoka, unarudi wa nyuma. Ikiyumba, unauhamisha tu. Baada ya wiki moja utakuwa unafanya bila kufikiria.

Hatua ya 3: magoti. Usiyakaze. Yakunje kidogo sana, hata mtu asione. Goti likikazwa kila mtikiso unapanda moja kwa moja hadi kiuno.

Hatua ya 4: mkono. Shika chuma cha kifuani kama kipo, sio cha juu, kwa sababu mkono ulioinuliwa damu inaupanda kwa shida ndiyo maana unakufa ganzi. Vidole vishike kama ndoano, kiwiko kikunjwe. Mkono ni wa dharura. Kama umechoka kabla ya Dandora ujue miguu yako haifanyi kazi.

Hatua ya 5: begi. Lije mbele. Mgongoni linakuvuta nyuma, linampiga mtu usoni, na wakora wanalifungua ukiwa hapo hapo. Kama ni zito liweke chini, libane na vifundo vya miguu.

Kitu kimoja zaidi: treni ya kuvutwa na injini haiondoki mara moja. Pale mabehewa yanapoungana pana ulegevu, basi mvuto unapita behewa moja baada ya lingine, unasikia *kwa-kwa-kwa* ikija kwako. Ukiisikia hiyo sauti kunja magoti kidogo.

Maswali sasa.

Mama Pendo: Asante mwalimu. Sisi wa Kikuyu kona ni nyingi, asubuhi ndio mbaya kuliko jioni, ni mimi tu ama?

*Jibu:* Si wewe tu mama. Asubuhi mnateremka, breki zinaguswa kila mara, uzito wako unakuwa mbele tu. Jioni injini inavuta mlima pole pole, mvuto ni ule ule. Asubuhi ongeza nafasi kati ya mguu wa mbele na wa nyuma. Na kwa kona egemea ndani ya kona kama mtu wa bodaboda.

Mfupi wa Mwiki: Hicho chuma mimi sikifikii kabisa, na nguzo huikuta imekumbatiwa na watu wanne.

*Jibu:* Shika kona ya juu ya kiti, upande wa njia. Ni chini, ni imara kuliko chuma cha juu. Uliza tu aliyekaa, "samahani, nashika hapa," hakuna mtu hukataa.

Kijana wa Kahawa: Mimi huskia kizunguzungu na jasho baridi, wiki jana karibu nizimie. Nilikuwa sijakula.

*Jibu:* Bro usipande bila maji na kitu tumboni. Ukisimama tuli na joto la watu, damu inabaki miguuni na kichwa kinakosa. Kila dakika chache inua visigino, kaza misuli ya miguu, achilia. Ukianza kuona giza usijikaze kiume, chuchumaa ama kaa chini papo hapo, aibu ya kukaa ni ndogo kuliko kichwa kugonga chuma. Ikijirudia nenda hospitali, hiyo si ya treni tena.

Dada wa Ofisi: Na sisi wa viatu virefu?

*Jibu:* Raba kwa miguu, virefu kwa begi, unabadilisha ukishuka. Hakuna ujanja mwingine dada, nimeuliza hata wenzako.

Mama Pendo: Na yule wa mayai, alikusamehe?

*Jibu:* Tunasalimiana. Lakini akiwa amebeba trei, akiniona huwa anahamia behewa lingine.