Kuhariri Picha Ghafi: Pa Kuanzia

Anayefungua picha ghafi (RAW, yaani ambayo kamera haijaihariri) kwa mara ya kwanza huhisi amedanganywa, kwa maana picha iliyong'aa kwenye kioo cha kamera sasa imepauka. Kamera haijaharibika. Ulichokiona kwenye kioo ni JPEG ambayo kamera iliitengeneza yenyewe kwa kukoleza rangi na kunoa kingo, ilhali faili ghafi hubeba vipimo vya mwanga kama sensa, yaani sehemu ya kamera inayonasa mwanga, ilivyovipokea. JPEG ya kawaida huhifadhi viwango 256 kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 huweza kufikisha 16,384, na wingi huo ndio unaokupa nafasi ya kurekebisha.

Hatua ya kwanza ni kunakili faili zote ghafi kutoka kadi ya kamera, ziwe CR3 (Canon), NEF (Nikon) au ARW (Sony), kwenye kompyuta na kwenye diski ya pili. Niliwahi kufuta kadi nikiamini kuwa nakala imekamilika, kumbe ilikatikia njiani. Siku hizi hufungua picha ya mwisho kwanza ndipo nikaifuta kadi. Kwa programu, darktable na RawTherapee ni za bure, na Lightroom hulipiwa. Zote haziibadilishi picha asilia, bali huhifadhi marekebisho yako kando yake, kwa hiyo jaribu bila woga.

Hatua ya pili ni uwiano wa rangi, yaani kufanya kilicho cheupe kionekane cheupe. Wengi hukimbilia mwangaza, lakini mimi huanzia hapa kwa sababu kubadili uwiano huo hukuza au kupunguza nyekundu na buluu, na histogramu nzima (mchoro wa mwangaza wa picha, giza kushoto na mwanga kulia) husogea. Tuseme umempiga picha mtu mwenye shati jeupe chini ya balbu ya zamani ya waya. Mwanga wake ni wa takriban Kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikiwa ndogo, mwanga huwa wa manjano zaidi), ilhali wa mchana hukaribia 5,500, ndiyo maana shati limekuwa la manjano. Chagua alama ya dropa, ile ya kuchukulia rangi kwenye picha, ubonyeze sehemu ya shati iliyo kivulini kidogo, wala si pale palipowaka mno, kwani huko rangi zimekwisha kupotea. Ngozi ikiingia ubuluu mithili ya mtu aliyeshikwa na baridi, rudisha kitelezi (kitufe cha kuburuta) cha uwiano wa rangi kuelekea manjano kidogo. Chumba chenyewe kilikuwa na manjano, na si lazima uyafute yote.

Hatua ya tatu ni mwangaza. Itazame histogramu: mlima ukigandamana na ukuta wa kulia, punguza sehemu zenye mwanga mkali. Kola ya shati ikirudisha mishono yake, umefanikiwa. Ikibaki bapa na ya kijivu, hapakuwa na kitu cha kurudisha, na hakuna kitelezi kitakachokishona. Vivuli huinuka kwa urahisi zaidi, ila ukivivuta mno chengachenga, yaani vidoadoa kama mchanga, hujitokeza.

Kupunguza kingo za picha na kunyoosha mstari wa upeo hakuhitaji maelezo. Kunoa na kupunguza chengachenga kufanye mwishoni, ukiwa umekuza picha hadi asilimia 100, la sivyo unakisia tu.

Hatimaye toa nakala ya JPEG yenye ubora wa 85 hadi 90, katika mfumo wa rangi wa sRGB. Ukichagua Adobe RGB, programu zisizousoma mfumo huo zitaionyesha picha yako ikiwa imepauka tena.