Namna ya kuendesha mjadala wa kodi ya mshahara kazini bila watu kupayuka

Mimi ni mhasibu wa mishahara katika kiwanda kimoja hapa Morogoro. Kila Mei Mosi inapokaribia, kantini yetu hugeuka Bunge. Huyu anagonga meza, yule anadakia "Taarifa, Mheshimiwa!", chai inapoa. Hoja ni ile ile: serikali inatukata kiasi gani, na je, ni haki? Kwa kuwa makato yenyewe nayaandaa mimi, wenzangu wamenifanya mwenyekiti wa kudumu, na utaratibu wangu ni huu.

Kabla mtu hajasema "huu ni wizi", andika viwango mahali ambapo kila mtu ataviona. Mimi natumia ubao wa matangazo, ule wenye ratiba ya zamu. Kwa Tanzania Bara, shilingi 270,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 kinakatwa 8%. Kutoka hapo hadi 760,000 ni 20%, hadi milioni moja ni 25%, na chochote juu ya milioni ni 30%. Kumbusha pia kwamba mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ule wa 10%, hutolewa kwanza, na kodi inapigwa kwenye kinachobaki.

Halafu chukua mshahara mmoja uukokotoe mbele ya watu wote. Usitumie wa mtu aliyepo, utaleta ugomvi. Mimi huchukua 1,200,000. Toa NSSF 120,000, inabaki 1,080,000. Milioni ya kwanza inazaa kodi ya 128,000. Zile 80,000 za juu zinakatwa 30%, yaani 24,000. Jumla 152,000. Hapo ndipo kelele hupungua, maana aliyekuwa anaapa kwamba anakatwa thelathini katika kila mia anagundua kwamba kodi yake haifiki hata 13% ya mshahara wote.

Sasa ongeza kijana mwenye mkopo wa masomo wa Bodi ya Mikopo, na tuseme hiyo 1,200,000 yote ni mshahara wa msingi. Anakatwa 15%, yaani 180,000. Kato hilo linaizidi kodi! Anaondoka na 748,000, na hasira yote anaitupia TRA, mamlaka ya mapato. Mkopo ni deni, NSSF ni akiba yake ya uzeeni, kodi ni kodi. Mwenyekiti asiruhusu vitu hivi vitatu viitwe jina moja, la sivyo mtabishana hadi kengele ya zamu ya usiku.

Kuna hofu moja ambayo sharti uimalize mapema: "Heri nisiongezwe mshahara, nitaingia kundi la thelathini halafu nibaki na kidogo kuliko mwanzo." Haipo hiyo. Kiwango cha juu kinagusa kile kilichozidi tu. Mtu ambaye kiasi chake cha kukatwa kodi ni milioni kamili, kiasi hicho kikiongezeka 50,000 baada ya NSSF, kodi ya nyongeza hiyo ni 15,000, na 35,000 anaondoka nazo. Nimewahi kumsikia fundi akikataa kupandishwa cheo kwa sababu ya hofu hii. Namshukuru mkewe, yeye alikuwa anajua hesabu.

Mkishafika hapo ndipo mfungue swali la haki. Liulize hivi: mlinzi wa 350,000, fundi wa 1,200,000 na mkurugenzi wa milioni 10, kila mmoja anastahili kutoa kiasi gani? Kwa viwango vya sasa, baada ya NSSF, mlinzi analipa 3,600, kama 1% ya mshahara wake. Fundi ni hiyo karibu 13%. Mkurugenzi analipa 2,528,000, zaidi kidogo ya 25%. Waache wagawanyike. Wapo watakaosema asilimia iwe moja kwa wote, ndiyo usawa. Wapo watakaosema mwenye nacho abebe zaidi, kwa kuwa 3,600 ya mlinzi ni unga wa nyumbani.

Upande wa asilimia moja ukizidi nguvu, mpe nafasi mzee yeyote anayekumbuka kodi ya maendeleo, ile ambayo wengi tuliiita kodi ya kichwa na iliyofutwa mwaka 2003. Ile haikuwa hata asilimia moja kwa wote. Mahali pengi ilikuwa kiasi kile kile, uwe na ng'ombe mia au huna kuku. Mzee wetu wa stoo husimulia watu walivyokimbilia mashambani mgambo walipoingia kijijini. Vijana hucheka, kisha wananyamaza.

Hoja ya machinga itakuja tu: "Sisi tunakatwa hatujaishika, wao hawalipi." Usiipuuze, ina ukweli ndani yake. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Lakini machinga huyo akinunua vocha au sabuni, ameshalipa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 18% sawa na mkurugenzi, na kwenye VAT hakuna 270,000 za kusamehewa. Mtaka haki ya kodi ya mshahara peke yake ameangalia mfuko mmoja wa suruali.

Kwangu mimi (na mwenyekiti anaruhusiwa kutoa maoni yake mara moja, mwishoni) tunapoteza muda mwingi kwenye asilimia na mdogo mno kwenye mipaka. Asilimia ndizo zinazopigiwa makofi. Mei Mosi ya 2016 Rais Magufuli alitangaza kiwango cha chini kishuke kutoka 11% hadi 9%. Mei Mosi ya 2021 Rais Samia akatangaza kishuke hadi 8%. Vizuri, tulishangilia. Ila hatua ile ya 9% kwenda 8%, kwa mtu wa 1,200,000, ni nafuu ya 2,500 kwa mwezi. Mwaka 2020, bila shangwe hiyo, mpaka wa kuanza kukatwa ulipanda kutoka 170,000 hadi 270,000, na ule wa 30% kutoka 720,000 hadi milioni moja. Faida ya hapo ilikuwa kubwa kuliko hiyo 2,500, piga hesabu mwenyewe. Na bado ngazi zetu zinaishia kwenye milioni: mwenye milioni moja na nusu na mwenye milioni 20 shilingi zao za juu zinakatwa sawasawa. Wakenya mwaka 2023 waliongeza ngazi mbili za juu, 32.5% na 35%. Si lazima tuwaige, lakini swali hilo halijawahi kuulizwa kantini kwetu hadi nilipoliuliza mimi.

Sheria ya mwisho ya kikao: anayependekeza kodi ipungue aseme pengo linazibwa na nini, na anayependekeza ipande aseme pesa inakwenda wapi. "Wapunguze posho za wabunge" inakubalika, mradi msemaji akadirie ni kiasi gani. Wengi huketi hapo.

Mkikubaliana jambo, liandikeni ukurasa mmoja, mweke ule mfano wa hesabu, mumpe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Msingoje bajeti isomwe. Ikishasomwa Juni, viwango vipya vinaanza 1 Julai, na kilichobaki hapo ni kulalamika. Mimi sasa nimehamishia mjadala wetu Oktoba. Mahudhurio yamepungua, kwa sababu Oktoba hakuna fulana za bure za Mei Mosi.