Petroli, asetoni na siki: kipi kinadhuru silikoni ya tangi la samaki?

Habari wakuu. Nilinunua tangi la mtumba la lita 200, zuri kabisa isipokuwa stika moja kubwa karibu na kona. Nikachovya kitambaa kwenye petroli, nikasugua, gundi ikatoka bila ubishi. Jioni yake silikoni ya kona, ule mpira unaoshikanisha vioo, ilikuwa imevimba na kulegea kama ufizi wenye jino bovu. Ilipokauka ikarudi umbo lake, nikajua yameisha. Siku ya tatu baada ya kujaza maji, sebule ikawa bwawa.

Silikoni iliyokwisha kukauka haiyeyuki. Nyuzi zake zimefungana kama wavu. Kimiminika hupenya kwenye matundu na kuutanua wavu, hakiukati. Tofauti ni kiasi. Mpira wa silikoni safi ukilowekwa kwenye tolueni (kiyeyushi kilichomo kwenye petroli na thina nyingi) hurefuka kwa karibu asilimia 30, kwenye asetoni asilimia 6 hivi, kwenye ethanoli 4. Silikoni ya tyubu ina unga wa silika ndani, huvimba pungufu ya hapo, ila mpangilio ni uleule: petroli, mafuta ya taa na thina ya rangi ndio wabaya. Na kioo hakivimbi. Kimoja kikitanuka na kingine kikabaki palepale, kinachoachia ni mshiko kati yao.

Hatua ya 1. Amua kama unasafisha au unabomoa. Kona unayotaka ibaki, usiiguse na chochote zaidi ya maji, siki au sabuni iliyosuuzwa vizuri. Gundi ya stika itoe kwa wembe na maji ya moto kiasi.

Hatua ya 2. Kama unabomoa, kazi ni ya wembe. Zile dawa za kutoa silikoni huilainisha tu, wembe bado utaushika. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, kwa hiyo kwangua mpaka kioo kilie.

Hatua ya 3. Utando mwembamba unaobaki ndio kazi ya asetoni. Tia kwenye kitambaa, usimwage. Fungua madirisha, zima jiko. Isiguse fremu ya plastiki, wala usiitumie kwenye tangi la akriliki (plastiki angavu kama kioo), italiharibu.

Hatua ya 4. Asetoni ikikauka, paka silikoni asilimia 100 isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo huua samaki.

Hatua ya 5. Subiri wiki nzima. Inakauka kuanzia nje kwenda ndani, milimita 2 hadi 3 kwa siku, kwa kutumia unyevu wa hewani. Ukisikia bado inanuka siki, bado. Kisha jaza maji, uliache nje saa 48.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, maji yetu ni ya kisima, kioo kina ukoko mweupe. Siki haitakula silikoni?*

Haili. Silikoni nyingi za matangi zenyewe hutoa asidi ya siki zikikauka. Toa samaki, paka, subiri ukoko uchemke povu, sugua, suuza.

*Samaki wangu walikufa kwa ugonjwa. Naweza kutumia jiki?*

Ndiyo dada, sehemu 1 kwa maji 20, dakika 15, si usiku kucha. Suuza mara kadhaa, kisha tia dawa ya kuondoa klorini. Usichanganye na siki hata tone, inatoa gesi ya klorini.

*Kijana wa kazi amefuta kioo kwa nje na mafuta ya taa, samaki wamo ndani. Nifanyeje?*

Mafuta ya taa hayaruki haraka kama petroli, yatakaa kwenye silikoni. Futa sasa hivi kwa maji ya sabuni, upande wa nje tu. Hamishia samaki kwenye ndoo, punguza maji. Kisha mulika tochi kwenye kiungo, pale kioo kinapokutana na kioo. Ukiona michirizi myeupe au viputo ambavyo havikuwapo, mshiko umeachia, usijaze tena.

*Kwani siwezi kupaka silikoni kwa nje pale panapovuja?*

Niliwahi kujaribu, kaka. Maji yanasukuma kutoka ndani, yaliibandua kama ganda la ndizi.