Nanaa: kata inapoanza kuchanua, anika kivulini

Finya jani la nanaa kisha nusa vidole. Harufu hiyo ni mafuta yaliyokuwa kwenye vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani. Kwa kuwa viko nje, hupasuka kwa kuguswa tu, na jua huyanyonya mafuta yake upesi. Mkulima wa nanaa anauza vifuko hivyo, majani ni chombo tu.

Zaidi ya nusu ya mafuta hayo mara nyingi ni karvoni, kemikali inayoipa nanaa harufu yake. Inafuatia limonini, ileile ya ganda la chungwa, kisha sineoli na vingine kidogo kidogo. Mentoli inayopoza koo ni ya peremende, mmea mwingine. Mnunuzi anayetaka mentoli usimpe nanaa ya chai. Ajabu ni kwamba karvoni imo pia kwenye kiungo kiitwacho kisibiti, ila molekuli yake imegeuka kama mkono wa kushoto na wa kulia, na pua hunusa harufu nyingine kabisa.

Maabarani mafuta haya yamezuia bakteria na kuvu kadhaa kukua, na ng'ambo hutumika kuzuia viazi vya ghalani visichipue. Hilo halimaanishi unywe mafuta yenyewe ukiumwa. Ni makali, na watoto wasipewe kabisa.

Hapa Malindi taabu ya kwanza ni maji. Mizizi ya nanaa haiendi chini, na mchanga wa ufukweni haushiki unyevu. Changanya samadi iliyooza vizuri, tandaza nyasi kavu kwenye tuta. Kisima kilicho karibu na bahari kionje kwanza: maji ya chumvi huunguza kingo za majani. Wenzetu wa kandokando ya mto Sabaki wana nafuu ya udongo. Usihangaike na mbegu. Chimbua mashina yanayotambaa, yakate vipande vyenye vifundo, panda kwa nafasi ya sentimita 30. Jua la kaskazi likizidi, kivuli cha mchana chini ya mnazi kinasaidia.

Sasa mavuno, ambapo wengi hupoteza. Jani changa lina limonini zaidi. Mmea wenyewe ndio unaoigeuza kuwa karvoni unapokomaa. Kwa hiyo nanaa ya kukausha ikate maua yanapoanza tu kutokea, asubuhi umande ukishakauka. Ya kuuza mbichi kwa chai iwahi mapema zaidi, ikiwa laini.

Nimeona nanaa nzuri ikianikwa juu ya bati hadi ikawa na rangi ya majani makavu ya chai, harufu kama nyasi. Iliniuma sana. Ieneze tabaka jembamba juu ya jamvi chini ya paa la makuti, upepo upite. Msimu wa mvua igeuze kila siku, la sivyo itaota ukungu. Ikikauka, yaweke majani mazima kwenye chombo kinachofunga vizuri, gizani, wala usiyasage mpaka mnunuzi awe amefika.