Kumhoji mwanamuziki kuhusu utoto wake

Usianze na "nani alikuvutia?" Utapewa majina yale yale makubwa aliyokwisha kuyataja kwenye kila redio. Uliza nyumbani kulikuwa na chombo gani cha muziki, kilikaa chumba gani, nani aliruhusiwa kukigusa. Kisha mwombe apige wimbo wa kwanza aliojifunza, hata ubeti mmoja. Akishika chombo, jina la aliyemfundisha mara nyingi huja lenyewe. Rekodi kwa simu mbili, zote kwenye hali ya ndege, maana simu ikipigwa katikati rekodi inaweza kukatika. Miaka ndiyo huchanganywa zaidi: uliza alikuwa darasa la ngapi, halafu linganisha na maelezo ya ndugu yake mkubwa. Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kumsemesha.